"Nadharia tu?" Mwanafizikia wa chembe hufanya kazi gani hasa

Idd iliyopita tulikutana kwa shangazi, Temeke, kama ilivyo desturi. Pilau ilikuwa bado kwenye moto na watoto wameshachafua nguo mpya. Mpwa wangu, binti aliyeko kidato cha sita mchepuo wa PCM, akaulizwa swali ambalo kila mtoto wa kidato cha sita huulizwa watu wakiwa na njaa: ukimaliza unataka kusomea nini? Akajibu palepale: fizikia ya nadharia, ile ya chembe.

Watu wakatazamana. Mjomba wake akauliza kama hao si ndio wanaotengeneza mabomu. Jirani akasema amesikia wana mashine kubwa huko Ulaya ya kutafuta "chembe ya Mungu", na kwamba kuna mambo ya giza humo. Shangazi, ambaye amelea watoto sita kwa cherehani moja, aliuliza kwa upole kabisa: "Mjukuu wangu, nadharia tu? Si bora ungesoma kitu cha vitendo ukapata riziki?"

Maswali yale hayakuwa ya kipuuzi. Nimeyasikia kwenye daladala, kwa kinyozi, hata kwa walimu. Kwa hiyo nimekaa kuyajibu vizuri, na nimeona njia nzuri ni kumfuata mtu mmoja aliyeifanya kazi hiyo maisha yake yote: Abdus Salam, mtoto wa mji mdogo wa Jhang katika Pakistani ya leo. Mji wetu unabeba nusu ya jina lake, maana Salam wake na Salaam ya Dar ni neno moja la Kiarabu, amani.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili cha kila siku, nadharia ni kinyume cha vitendo. Mtu akituambia "hiyo ni nadharia" anamaanisha maneno matupu, au bado kubahatisha. Mwanafizikia halitumii hivyo. Kwake nadharia ni maelezo yaliyofungwa kwa hesabu, yanayotamka mapema ni nini kitaonekana na ni nini hakitaonekana kamwe. Ikitamka kitu kisipoonekana, inaanguka mbele za watu. Wanafizikia wa majaribio hujenga mitambo na kupima. Wa nadharia huandika hesabu zinazoeleza vipimo na kuwaambia wenzao wakatafute nini. Wote wawili ni wanafizikia, kama mchora ramani na fundi mwashi walivyo wote watu wa ujenzi.

Na chembe? Kila kitu unachokigusa kimeundwa kwa atomu. Katikati ya atomu kuna kiini, na nje yake kuna elektroni. Kiini ni kidogo mno: ukiikuza atomu ifikie ukubwa wa Uwanja wa Benjamin Mkapa, kiini chake kingekuwa punje ya choroko kwenye duara la katikati. Ndani ya choroko hiyo kuna protoni na nyutroni, na ndani ya hizo kuna kwaki. Mwanafizikia wa chembe anauliza: vitu hivi vya mwisho kabisa ni vingapi, na vinashikana au kusukumana kwa kani zipi? Bomu la atomiki ni habari ya kupasua viini vizito ili kupata nishati, kazi ya fizikia ya nyuklia na ya wahandisi. Wanaouliza chembe ziitwazo nyutrino, tutakazozifikia sasa hivi, ni nini wako kwenye chumba kingine cha nyumba hiyohiyo.

Nani kachukua elfu ishirini?

Mfano ninaoupenda kuliko yote wa nadharia ni huu, na ninamwomba Mangi wa dukani kwetu anisaidie.

Jioni Mangi anafunga hesabu. Daftari linasema ameuza bidhaa za shilingi laki moja. Kwenye droo kuna elfu themanini. Anahesabu tena, elfu themanini. Kesho yake, upungufu tena. Mangi ana njia mbili za kufikiri. Ya kwanza ni kusema labda kujumlisha na kutoa hakufanyi kazi kwenye duka hili. Ya pili ni kusema kuna mtu anaingia, anachukua, anatoka, na sisi hatumwoni.

Mwaka 1930 fizikia ilikuwa kwenye duka hilo. Kuna viini vya atomu ambavyo hutoa elektroni vyenyewe, na ukipima nishati kabla na baada, hesabu haikubali: kuna nishati imepotea. Niels Bohr, mmoja wa wakubwa wa zama zile, alikuwa tayari kukubali kwamba huenda sheria ya kuhifadhiwa kwa nishati haifanyi kazi humo ndani. Wolfgang Pauli akachagua njia ya pili. Alisema kuna chembe isiyo na chaji, ngumu mno kunaswa, inayotoka na nishati hiyo. Chembe hiyo baadaye ikaitwa nyutrino. Hakuna aliyeiona mpaka mwaka 1956, Clyde Cowan na Frederick Reines walipoinasa karibu na kinu cha nyuklia huko Marekani. Miaka 26 daftari lilikuwa linasema mtu yupo, ndipo akaonekana.

Hiyo ndiyo nadharia. Leo tunajua zaidi ya nyutrino bilioni 60 kutoka kwenye jua zinapita katika ukucha wa kidole gumba chako kila sekunde, mchana na usiku, kwani usiku zinapitia upande wa pili wa dunia na kutokea chini ya miguu yako.

Kani inayofanya viini hivyo vibadilike inaitwa kani dhaifu. Ni moja ya nne tunazozijua, pamoja na mvutano unaoangusha embe, kani ya sumaku-umeme, na kani yenye nguvu inayoshikilia kiini. Jina dhaifu lisikudanganye. Jua huwaka kwa kuunganisha protoni, na hatua ya kwanza ya kuunganisha huko lazima ipitie kani dhaifu. Kwa kuwa ni dhaifu, protoni moja inaweza kusubiri mabilioni ya miaka kabla zamu yake haijafika. Ndiyo sababu jua linalotuunguza Februari hapa Dar linawaka polepole na bado lina mafuta ya kutosha.

Hapo ndipo Salam anaingia.

Kijana wa Jhang na pia inayotema mchanga

Alizaliwa Januari 29, 1926, baba yake akiwa mtumishi wa idara ya elimu. Akiwa na miaka 14 alipata alama za juu kuliko mtu yeyote aliyewahi kufanya mtihani wa kumaliza sekondari wa Chuo Kikuu cha Punjab, na aliporudi kwao kwa baiskeli, watu wa mji walitoka barabarani kumpokea. Mwaka 1946 alipata ufadhili wa kwenda Cambridge kwa njia ya bahati kubwa. Kulikuwa na fedha zilizochangwa kwa ajili ya vita. Vita vikaisha fedha zimebaki, zikageuzwa ufadhili wa watoto wa wakulima wadogo. Mwaka uliofuata India ikagawanyika na mpango ule ukafa. Angechelewa mwaka mmoja, huenda nisingekuwa na habari ya kuandika.

Alifanya vizuri Cambridge, hesabu na fizikia. Shahada ya uzamivu aliipata kwa kazi ya kuondoa majibu yasiyo na mwisho ambayo hesabu za zama zile zilikuwa zinayatoa mahali ambapo jibu lilipaswa kuwa namba ya kawaida. Hilo sitalifungua hapa. Nataka nikae kwenye safari moja ya ndege.

Septemba 1956, Salam alikuwa kwenye mkutano Seattle, Marekani. Alimsikia Chen Ning Yang akieleza wazo lake na Tsung-Dao Lee kwamba huenda kani dhaifu inabagua kushoto na kulia. Usiku wa kurudi alipanda ndege ya jeshi la Marekani iliyojaa familia za askari. Watoto walilia njia nzima. Usingizi ulikataa, na akaanza kulifikiria swali ambalo Rudolf Peierls alikuwa amemuuliza miaka ya nyuma kwenye mtihani wake wa uzamivu: kwa nini nyutrino haina uzito? Juu ya Atlantiki akapata jibu. Nyutrino itakosa uzito ikiwa daima inazunguka upande mmoja tu.

Muulize fundi baiskeli yeyote, atakwambia pedali ya kushoto hufungwa kwa kuzungusha kinyume na ya kulia. Wazo la Salam lilikuwa kwamba ulimwengu una nyutrino za aina ya pedali moja tu. Ya upande wa pili haipo.

Alishuka ndege akakimbilia ofisini kupiga hesabu, kisha akapanda treni kwenda Birmingham kwa Peierls. Peierls akamwambia haamini kabisa kwamba kani dhaifu inabagua kushoto na kulia. Salam akatuma wazo kwa Pauli mwenyewe, baba wa nyutrino. Jibu lilirudi kwa mdomo wa mtu mwingine: mpe salamu zangu rafiki yangu Salam, mwambie afikirie kitu bora zaidi. Alikuwa na miaka 30, na alikuwa anakataliwa na mtu aliyemheshimu kuliko wote. Akasita kuchapisha.

Miezi michache baadaye Chien-Shiung Wu, mwanamke mzaliwa wa China aliyekuwa akifundisha New York, akafanya jaribio. Ili kulielewa, chukua pia, kile kidude ambacho watoto huchezea kwa kukizungusha, izungushe sakafuni mbele ya kioo. Yako ikizunguka kwenda kulia, ya kwenye kioo inazunguka kwenda kushoto. Sasa fikiria pia hiyo inatema mchanga. Kama maumbile hayabagui, pia ya kulia na ya kushoto lazima ziwe na tabia moja. Hakuna sababu moja itemee juu na nyingine chini. Wu alichukua viini vya kobalti 60, ambavyo huzunguka kama pia, akavipooza hadi karibu na baridi ya mwisho iwezekanayo ili vyote vielekee upande mmoja, akahesabu elektroni zinatoka wapi. Zilitoka zaidi upande mmoja. Alipogeuza mzunguko, upande wa kutoka nao ukageuka. Ile pia ya kwenye kioo, inayozunguka kinyume na bado inatemea palepale, haipo duniani.

Matokeo yalitangazwa Januari 1957. Pauli alimwandikia Salam kumwomba radhi. Lakini Lee na Yang, na Lev Landau kule Moscow, nao walikuwa wamefikia wazo lilelile la nyutrino, na Tuzo ya Nobel ya mwaka huo ikaenda kwa Lee na Yang. Wu hakupewa chochote, na mimi naona hiyo ilikuwa dhuluma ya wazi.

Kwa watu wa Dar, kobalti 60 si kitu cha mbali. Kwa miaka mingi mashine za kobalti zimetumika Ocean Road kutibu saratani. Kila mgonjwa aliyelala chini ya mashine hiyo alipata mionzi ambayo chanzo chake ni kiini cha kobalti kugeuka kwa kani dhaifu, ileile ambayo Salam hakuweza kulala kwa ajili yake. Na mashine mpya zinazozichukua nafasi huharakisha elektroni kwa mbinu ambazo ni ndugu wa mitambo ya wanafizikia wa chembe. Salam hakuwa daktari na hakukusudia hospitali. Nalitaja kwa sababu ya shangazi na swali lake la vitendo.

Nitaongeza neno la haki. Wazo la Salam halikubaki salama lote. Mwaka 1998 watafiti wa Japani walionyesha kwamba nyutrino zina uzito, ingawa mdogo mno. Ile tabia ya upande mmoja katika kani dhaifu imebaki. Nadharia hupata marekebisho kwa namna hiyo, sehemu inayoanguka inaanguka na sehemu inayosimama inasimama.

Chupa ya mafuta ya nazi

Kazi iliyompa Salam jina kubwa ni ya kuonyesha kwamba kani mbili ni moja. Watu wengi hukwama hapa, kwa hiyo twende polepole.

Nunua chupa ya mafuta ya nazi Kariakoo. Hapa Dar ni maji, yanamiminika. Yapeleke Njombe mwezi wa Juni, asubuhi utakuta kitu kigumu, cheupe, unachokwangua kwa kijiko. Mtu wa Njombe ambaye hajawahi kufika pwani, na mtu wa pwani ambaye hajawahi kupanda Njombe, wanaweza kubishana siku nzima kuhusu mafuta ya nazi ni kitu gani. Suluhisho ni kupasha moto.

Ulimwengu wa leo ni Njombe ya baridi. Humo tunaona kani ya sumaku-umeme, inayowasha taa na kufika mbali, na kani dhaifu, isiyovuka hata upana wa kiini. Zinaonekana hazina undugu. Nadharia ya Salam, ambayo Sheldon Glashow na Steven Weinberg nao waliijenga kila mmoja kwa njia yake kati ya mwaka 1961 na 1968, inasema ukipasha moto wa kutosha, kama ulivyokuwa ulimwengu katika nukta zake za kwanza, hizo mbili ni kitu kimoja.

Kwa nini basi sasa zinatofautiana? Kila kani ina mbebaji. Mbebaji wa sumaku-umeme ni fotoni, chembe ya mwanga, na haina uzito, kwa hiyo inakwenda popote. Wabebaji wa kani dhaifu, waitwao W na Z, ni wazito: W ni karibu mara 86 ya protoni, Z karibu mara 97. Mtu aliyebeba barua atafika Bagamoyo. Mtu aliyebeba mifuko ya simenti kichwani atatua mlangoni.

Na nani kawatwisha simenti? Swali hilo ndilo linalotufikisha kwa jirani yetu na "chembe ya Mungu". Mwaka 1964 Peter Higgs, na wengine kadhaa kwa wakati huohuo, walionyesha kwamba kunaweza kuwa na kitu kilichotanda ulimwengu mzima ambacho baadhi ya chembe zikipita ndani yake hupata uzito, na nyingine, kama fotoni, hupita bila kuguswa. Tom Kibble, mmoja wa waliolifikia wazo hilo, alikuwa mwenzake Salam pale Imperial College, London, na ndiye aliyemfundisha. Dalili ya kitu hicho, bosoni ya Higgs, ilitangazwa kupatikana Julai 4, 2012 katika CERN, maabara iliyoko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa yenye mtambo wa mduara wa kilomita 27 chini ya ardhi. Jina la chembe ya Mungu lilitoka kwenye kitabu cha mwaka 1993 cha mwanafizikia Leon Lederman, na Higgs mwenyewe hakulipenda. Chembe hiyo haithibitishi Mungu wala haimkanushi, na mtambo ule hauna mlango wa kuzimu. Unagonganisha protoni na kuhesabu vinavyotoka. Miale inayotoka angani hufanya migongano mikali zaidi ya hiyo juu ya vichwa vyetu kila siku, tangu zamani.

Salam alikuwa mtu wa ibada, alipenda kufanya kazi alfajiri, lakini alikataa kuchanganya mizani. Alisema sayansi ni moja kwa walimwengu wote, hakuna sayansi ya Kiislamu kama isivyokuwepo ya Kikristo au ya Kihindu. Tuzo ya Nobel ya 1979 alipoipokea Stockholm pamoja na Glashow na Weinberg, alikwenda na kilemba na viatu vyenye ncha zilizopinda, na kwenye hafla akasoma aya za Suratul Mulk zinazomwambia mtu atazame tena mbinguni kama ataona kasoro yoyote.

Lakini nadharia ilithibitishwaje? Ilikuwa imetamka jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona: kwamba nyutrino inaweza kugonga chembe nyingine na kuendelea kuwa nyutrino, bila kubadilika, kwa kupitia mbebaji Z. Mwaka 1973 Salam na rafiki yake Paul Matthews walishuka treni Aix-en-Provence, Ufaransa, kwa ajili ya mkutano. Wakaamua kutembea na mizigo mizito hadi hosteli. Gari likasimama nyuma yao, dereva akachungulia dirishani: "Wewe ndiye Salam?" Akasema ndiye. "Ingia ndani ya gari. Nina habari zako." Alikuwa Paul Musset wa CERN, na habari ilikuwa kwamba wameiona migongano hiyo ya nyutrino. Salam alisimulia baadaye kwamba hatasema kipi kilimpa nafuu zaidi, ule ugunduzi au lifti. W na Z wenyewe walionekana CERN mwaka 1983.

Wala hakushinda kila dau. Pamoja na Jogesh Pati alitamka kwamba protoni nazo hufa, baada ya muda mrefu usiofikirika. Huko Japani kuna tangi la maji tani 50,000 chini ya mlima, linaloangaliwa usiku na mchana kama protoni hata moja itakufa. Mpaka leo hakuna iliyoonekana kufa.

Kalamu, karatasi, na watu

Hili ndilo nililotaka kulisema hasa, na ndilo nililomwambia mpwa wangu. Watu husema fizikia ya nadharia inafaa nchi maskini kwa kuwa ni rahisi: kalamu na karatasi tu. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Nusu ya pili ni kwamba kazi hiyo inakula watu. Angalia habari niliyosimulia: Yang alisema, Peierls aliuliza, Pauli alikataa, Kibble alifundisha, Pati alishirikiana. Ukimtoa Salam kwenye kundi hilo, unabaki na mwalimu wa hesabu mwenye akili nyingi.

Hilo halikuwa la kubuni, lilimtokea. Mwaka 1951 alirudi Lahore, Pakistani, kuwa profesa, kijana wa miaka 25 mwenye jina tayari. Mkuu wa chuo akamwambia asahau utafiti, achague kazi moja ya ziada kati ya tatu: kusimamia bweni, kutunza hesabu za chuo, au kuongoza klabu ya mpira wa miguu. Akachagua mpira. Hakuwa na wa kujadiliana naye, majarida yalifika kwa shida. Pauli alipokuja Bombay akamwita, Salam alikwenda mbio, na aliporudi akashtakiwa kwa kuondoka kazini bila ruhusa. Mwaka 1953 pakawa na ghasia Lahore dhidi ya Waahmadiyya, jumuiya ya kidini aliyokuwa mmoja wao. Mwanzoni mwa 1954 akarudi Cambridge. Alisema baadaye kwamba ilibidi achague kati ya fizikia na nchi yake.

Waahmadiyya si wageni kwetu. Sheikh Amri Abeid, mshairi na meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, ambaye uwanja wa Arusha unaitwa kwa jina lake, alikuwa Mwahmadiyya. Mwaka 1974 bunge la Pakistani lilibadili katiba na kutamka kwamba Waahmadiyya si Waislamu. Salam, aliyekuwa mshauri mkuu wa rais kwa mambo ya sayansi tangu 1961, alijiuzulu. Hata hivyo hakuuacha uraia wa Pakistani mpaka alipofariki Oxford, Novemba 21, 1996. Alizikwa Rabwah, Pakistani. Jiwe la kaburi lake lilimtaja kuwa Mwislamu wa kwanza kupata Nobel, kisha neno "Mwislamu" likafutwa, sentensi ikabaki na pengo. Ukitazama picha ya jiwe hilo huhitaji kujua lugha ili uone mahali palipopakwa rangi.

Upweke wa Lahore ndio uliomfanya aanzishe jambo ambalo kwangu ni kubwa sawa na ile Nobel. Mwaka 1960 alipendekeza kituo cha kimataifa ambako mwanafizikia kutoka nchi maskini ataweza kwenda kwa wiki kadhaa au miezi 3, akae na wenzake, asome, abishane, kisha arudi kwao bila kulazimika kuhama. Mataifa makubwa hayakulifurahia wazo hilo. Italia ikajitolea, na kituo kikafunguliwa Trieste mwaka 1964, mwaka uleule ambao chuo chetu cha Dar es Salaam kilihama kutoka Mtaa wa Lumumba kwenda Mlimani. Wahadhiri wa fizikia wa Mlimani wamo miongoni mwa maelfu waliopita pale. Sehemu yake ya fedha za Nobel aliitoa yote kwa ajili ya wanafizikia wa nchi zinazoendelea; kwake na kwa familia yake hakutumia hata senti.

Na Mwalimu Nyerere alipoongoza Tume ya Kusini, yaani ya nchi zinazoendelea, iliyoanza kazi 1987 na kutoa ripoti 1990, Salam alikuwa mmoja wa wajumbe wake. Wanasiasa na wachumi walijaa kwenye meza ile, na katikati yao mtu wa nyutrino, akishikilia kwamba nchi isiyo na wanasayansi wake itaendelea kununua majibu ya maswali ya wengine.

Mpwa wangu alisikiliza yote haya akiwa ameshika sahani. Akauliza kama lazima afike Trieste. Nikamwambia kwamba tangu 2018 kituo kile kina taasisi mshirika Kigali, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, inayofundisha uzamili na uzamivu wa fizikia kwa vijana wa Afrika. Kwanza amalize digrii ya kwanza, hata hapo Mlimani.

Shangazi alikuwa kimya muda mrefu, anapakua. Kisha akaniuliza mimi, si yule binti: "Basi la Kigali linaondoka saa ngapi, na linalala wapi njiani?"